Mama, Usisimame

Mwanangu alinipigia magoti akiniomba nisitembee.

Ndiyo, umesoma vizuri. Wenzangu huombewa watembee, mimi naombwa nikae kama gunia.

Nilikuwa nimeanguka kutoka kwenye paa la nyumba, nikishusha mitungi yangu ya mchuzi wa soya niliyoianika juani. Kichwa kikapasuka. Nilipozinduka, kila nikisimama naona sakafu inakimbia.

Hospitali pale mjini kwetu Daegu nikapewa binti wa mazoezi, Bi Seol. Kaumbo kadogo, sauti ya sajini.

"Mama, usiangalie miguu! Angalia dirishani!"

"Nikianguka je?"

"Nitakudaka. Uzito mguu wa kulia. Haya, na huu mwingine!"

Nilimtukana mpaka mate yakanikauka. Lakini nikatembea. Kwa kuyumba, sawa, ila nikarudi nyumbani kwa miguu yangu.

Basi ikakaribia siku ya mkaguzi wa bima ya wazee, yule anayekuja kupima umedhoofika kiasi gani. Ukiwa hoi, msaada mkubwa. Ukiwa na nafuu, unapewa kiduchu.

Ndipo Tae-gon, mwanangu wa pekee, akapiga magoti.

"Mama, akikwambia simama, usisimame. Tutapata mtu wa kukuangalia kutwa nzima hapa hapa nyumbani. Mimi na mke wangu tumechoka."

"Nidanganye, na miguu ninayo?"

"Mara moja tu, Mama. Kwa ajili yangu."

Uchungu wa mwana, jamani. Nikakubali.

Mkaguzi alipokuja nikalegea mpaka udenda ukanitoka. Mke wa mwanangu akaangua kilio. Nikasema moyoni, huyu kanizidi kuigiza.

Majibu yakatoka: mimi hoi kabisa. Tae-gon akanibeba mgongoni hadi kwenye gari.

"Tunaenda wapi?"

"Kupumzika, Mama."

Kumbe alishaniwekea nafasi kwenye nyumba ya wazee, na nyumba hiyo inapokea wasiojiweza tu. Mtu wa kuniangalia nyumbani hakuwahi kuwepo.

Siku ya kwanza niliinuka niende chooni. Mhudumu akaja mbio.

"Bibi, kaa! Utaanguka!"

"Natembea, mwanangu. Muulize Bi Seol."

"Sawa, Bibi. Hapa wote wanasema hivyo."

Wenzake wakacheka. Wakanifunga mkanda kitini, eti kwa usalama wangu, na hivyo kila siku, miezi sasa.

Naandika haya kwa simu, kidole kimoja. Jana walinifungua waniogeshe, nikajaribu kusimama. Magoti yakakataa.

Safari hii sikuwa naigiza.

Wewe unayesoma, kama miguu unayo, simama. Hata mwanao akilia, simama.