Akaunti ya Kikundi cha Mtu Mmoja

Mtaani kwetu Gongo la Mboto kuna watu mpaka leo wakiniona wananiita Mwenyekiti, na mgeni akisikia anadhani labda niligombea serikali ya mtaa nikashinda, kumbe ni aibu tu, tena aibu niliyoitafuta mwenyewe kwa miguu yangu, kwa kukwepa makato ya benki. Nawasimulia mie mwenyewe kwa sababu nimesikia wengine wanavyosimulia na hawanitendei haki (Shabani fundi cherehani anasema nililia mbele za watu, sikulia, lilikuwa vumbi).

Nina duka la vifaa vya umeme, fremu moja tu pale barabarani, nauza taa, waya, soketi na swichi. Hela ya mauzo nilikuwaga naipeleka benki kila jioni, maana ikilala nyumbani inapungua (mke wangu, Mama Neema, kila asubuhi anakuwa na sababu nzuri). Sasa ile benki yangu ya zamani ilikuwa na makato ya kila aina, ya mwezi, ya kadi, ya ujumbe wa simu, mpaka ya kuulizia salio, yaani unakatwa kwa kuuliza umekatwa kiasi gani. Mie ni mtu wa Kagera, sipendi kufanywa mjinga, jambo kama hilo linaninyima usingizi.

Basi benki nyingine ikafungua tawi karibu na stendi, nikaenda kuulizia. Dada wa mapokezi, Doreen, akanieleza akaunti zao bila haraka: ya mtu binafsi ina makato kidogo, ya biashara ina makato zaidi.

"Isiyo na makato kabisa hamna?" nikauliza.

"Ipo ya vikundi, baba. Haina makato ya mwezi, kutoa bure, kuulizia salio bure, hata ujumbe wa simu bure."

"Kikundi ni watu wangapi?"

"Kuanzia wanne."

Nikajihesabu, nikajikuta mmoja. Ningesema asante nikaondoka, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia, lakini neno bure lilikuwa limeshaniingia masikioni na halikutaka kutoka.

"Kikundi chenu kinafanya shughuli gani?" Doreen akauliza, kalamu mkononi.

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikatazama nje ya kioo, kulikuwa kunapita jamaa na baiskeli amebeba tenga la kuku.

"Kuku," nikasema.

Jioni ile nikaitisha kikao sebuleni kwangu. Wajumbe walikuwa mie, Mama Neema, Shabani wa cherehani ambaye kibanda chake kinatazamana na duka langu, na jirani yetu Bi Mwanaidi, mama wa Kizaramo, mjane, anayeuza vitumbua na kuheshimiwa mtaa mzima. Nikawanunulia soda. Nikawaambia ni ishu ya kusaini tu, benki wanataka majina na namba za simu. Mama Neema akanitazama lile jicho lake, akasaini. Shabani akasaini kwa sharti la kuwa katibu, mie nikawa mwenyekiti. Bi Mwanaidi akaniuliza, "Baba Neema, na hao kuku wako wapi?"

"Wanakuja, Bi Mkubwa."

"Haya, inshallah," akasema, naye akasaini.

Kwa hapo nilijiona nina akili kuliko watu wote wa Barabara ya Pugu. Kila jioni naweka hela, sikatwi kitu. Nilikuwa nakusanyia kodi ya fremu, maana mwenye fremu anataka ya nusu mwaka kwa mkupuo, na alishaniambia kuna mtu wa simu na vocha anaitolea macho, nikichelewa anampa. Hela ilikuwa inajaa vizuri. Kitu kimoja sikukifikiria. Ule ujumbe wa simu wa bure, benki ilikuwa inautuma kwa wanachama wote.

Yaani kila jioni nikiweka hela, simu ya Shabani inalia, ya Bi Mwanaidi inalia: kikundi chako kimeweka kiasi hiki, salio lenu ni kiasi hiki. Mama Neema alikuwa anaupata, na hakuniambia (nilipomuuliza baadaye kwa nini, akasema, "Nilitaka nione mwisho wake"). Shabani naye alinyamaza, kumbe anapiga hesabu ya gawio. Bi Mwanaidi ndiye hakunyamaza. Alimwambia kila anayekuja kununua kitumbua kwamba ana kuku, japo hajawaona bado, tena kuku wenye baraka, wanaingiza hela kila siku hata Ijumaa. Na kulikuwa na kicoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, cha akina mama aliokaa nao miaka mingi, akawaaga kwa heshima, akawaambia sasa ana kikundi chake.

Hayo yote sikuyajua. Nilichojua ni kwamba siku moja Doreen akanipigia simu.

"Hongera sana Mwenyekiti! Kikundi chenu kinaongoza tawi zima kwa kuweka akiba. Jumamosi tunafanya hafla mtaani kwenu, na meneja anataka kuja kuona mradi."

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema ukweli. Mie nikasema, "Karibuni sana."

Nikaanza kutafuta kuku. Kununua sikutaka (nilikuwa nimekwepa makato, nikanunue kuku?), hivyo nikaenda kwa Mudi, jamaa anayeuza kuku sokoni, nikamwambia nataka kukodi kuku thelathini kwa nusu siku.

"Kukodi?" Mudi akasema. "Braza, kuku ni maturubai?"

Nikambembeleza mpaka akakubali, kwa masharti mawili: atakayekufa ni wangu, na adhuhuri awe ameshawachukua wote, kwa sababu kuna mteja ana shughuli ya harusi kule Mabibo na kuku ameshawalipia. Nikaona hakuna tatizo, kwa kuwa benki walisema wanakuja saa tatu asubuhi.

Jumamosi alfajiri kuku wakaletwa, tukawaingiza kwenye kile chumba changu cha uani ambacho hakijapauliwa. Nikawamwagia pumba, nikaweka na ndoo ya maji, nikasimama mlangoni kuwatazama, na nakuambieni kweli, kwa muda kidogo nilijisikia mfugaji.

Saa tatu ikapita. Saa nne wakaja vijana kufunga turubai na spika nje ya nyumba yangu. Saa tano emsii akaanza kujaribu kipaza sauti, "moja mbili, moja mbili," kisha akaachia singeli, watoto wa mtaa mzima wakajaa kucheza, na nyuma ya watoto wakaja wazazi wao. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaja na kofia. Bi Mwanaidi akaja amevaa gauni jipya na mtandio unaometa, amewakaribisha na wale akina mama wa kicoba waje washuhudie. Meneja alifika adhuhuri inaadhiniwa.

Akatembezwa uani, akaona kuku, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. "Wana afya," akasema. Nikasema tunawahudumia vizuri. Mama Neema akakohoa.

Tukarudi kwenye turubai, meneja akashika kipaza sauti. Akasema hiki ndicho kikundi cha kuigwa, watu wanne tu, dini tofauti, makabila tofauti, wameunganishwa na kuku. Watu wakapiga makofi. Akamwita Bi Mwanaidi asimame aonekane, naye akasimama, akashika mtandio wake, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake tangu mumewe afariki. Nikatazama chini.

Ndipo nikamsikia kuku analia barabarani.

Mudi alikuwa amechoka kusubiri. Alikuja na pikipiki na matenga, akapita mlango wa uani kimya kimya ili asiharibu hafla (na hapo namshukuru, alikuwa na adabu), akajaza kuku, sasa anatoka na tenga la pili. Wa kwanza kumwona alikuwa Bi Mwanaidi, kwa sababu ndiye aliyekuwa amesimama.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Jamani, mwizi! Kuku wa kikundi!"

Nyie mnajua neno hilo mitaani kwetu linafanya nini. Turubai lilibaki tupu. Shabani, katibu wangu, alifika wa kwanza akachomoa ufunguo wa pikipiki, wengine wakamkamata Mudi shingo, mwingine tayari ameshaokota tofali. Mudi anapiga kelele, "Kuku ni wangu! Muulizeni mwenye nyumba! Muulizeni!" na hakuna anayeuliza. Nikamwona usoni. Jamaa alikuwa ameshajua anakwenda kufa kwa ajili ya kuku wake mwenyewe.

Sikumbuki nilivyokipata kile kipaza sauti. Nafikiri nilimnyang'anya meneja. Nikasema, na spika zilikuwa nzuri sana siku ile, walisikia mpaka ng'ambo ya barabara: "Muacheni! Kuku ni wake! Nimewakodi!"

Yule wa tofali akabaki ameliinua.

"Umewakodi?" meneja akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vibaya.

"Ndiyo."

"Na kuku wa kikundi wako wapi?"

"Hawapo."

"Na kikundi?"

Nikatazama wanachama wangu. "Kikundi ni mie," nikasema. "Zile hela ni za dukani kwangu. Nilikuwa nakwepa makato."

Emsii, sijui kwa kupaniki au kwa kunihurumia, akaachia tena singeli. Hakuna aliyecheza, isipokuwa mtoto mmoja mdogo, mpaka mama yake akamvuta.

Mudi akaachiwa. Alipangusa shati lake, akachukua ufunguo wake kwa Shabani, akafunga matenga. Nilipomfuata kuomba radhi akaniambia, "Usinisogelee," akaondoka. Meneja akaondoka. Turubai likafunguliwa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye ndiye aliyetupatia barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti, akaniambia atanihitaji ofisini, kisha akacheka, na kicheko ndicho kiliniuma zaidi.

Bi Mwanaidi hakucheka wala hakugomba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, wale akina mama wa kicoba wamesimama pembeni yake hawajui waseme nini.

Jumatatu nikaenda benki. Doreen hakuniita Mwenyekiti. Akasema akaunti imesimamishwa, na kwa mujibu wa karatasi nilizosaini mwenyewe, hela ni ya kikundi, haitoki mpaka wanachama wote wanne wakae kikao, waandike kwamba wanavunja kikundi, na wasaini. Na kodi ya fremu ilikuwa inatakiwa wiki ile ile.

Mama Neema alisaini siku hiyo hiyo, kwa kuwa na yeye anakula kutokana na lile duka. Shabani alisaini kwa sharti kwamba sitakana kuwa alikuwa katibu. Kwa Bi Mwanaidi nikaenda jioni, nikavua viatu mlangoni.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba." Akaniacha nimesimama kidogo. "Keti."

Nikaketi. Nikaanza kueleza habari za makato, ya mwezi, ya kadi, na nikajisikia nikieleza, nikaishia hapo.

"Baba Neema," akasema, "hela yako siitaki. Ungeniambia ni yako ningekusainia vilevile, wewe jirani yangu. Lakini mie nimetoka kwenye kicoba cha wenzangu. Nimewaaga nikiwa nimeinua kichwa. Sasa nirudi na uso gani?"

Nikatazama viatu vyangu pale mlangoni.

"Utakwenda wewe," akasema. "Utawaambia kwa mdomo wako. Wakinipokea, nitasaini."

Kikao chao kilikuwa Alhamisi alasiri, kwenye ua wa mmoja wao. Nilikaa kwenye mkeka, mwanaume peke yangu katikati ya akina mama zaidi ya ishirini wengine wakimenya vitunguu, nikasimulia yote tangu kwa Doreen. Nilipofika kwenye kuku wa kukodi, mmoja alilazimika kutoka nje ya ua akacheke. Mwenyekiti wao (huyo ni mwenyekiti kweli) alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, "Hayo makato yenyewe yalikuwa kiasi gani kwa mwezi?" Nikamtajia. Akainama akaendelea na vitunguu vyake, na hakuna tusi nililowahi kutukanwa lililonichoma kama kule kuinama.

Walimpokea Bi Mwanaidi. Akasaini kesho yake. Mwenye fremu aliniongezea siku chache, si kwa huruma, bali kwa kuwa habari ilishamfikia na alitaka nimsimulie mwenyewe. Nikamsimulia mara mbili, ya pili mbele ya mkewe. Mudi nilimpelekea radhi kwa watu watatu tofauti mpaka akakubali kunisalimia, na kuku sasa nanunua kwake kwa bei atakayosema, sipunguziwi na siombi.

Hela yangu nikaihamishia benki ile ile, akaunti ya kawaida, yenye makato yake. Yule dada wa dirishani, ambaye hakunijua, akaniuliza kwa utaratibu wao tu, "Hii akaunti ni ya nani?" Nikajibu, "Yangu mie, peke yangu, sina mwenzangu hata mmoja," kwa sauti kubwa kiasi kwamba foleni nzima iligeuka. Sitafuti tena benki ya bure, na yeyote atakayenijia kusifia akaunti isiyo na makato nitamuuliza kwanza ni akaunti ya akina nani, na kama hao akina nani wenyewe wanajua.