Kura ya Nassibu na Jaruba la Kiboko

Nassibu Kibwana hana ubaya. Nalisema hilo mapema, maana haya ninayoyasimulia yatakufanya umdhanie vingine. Ni mtu asiyekunywa maji bila bismillahi, asiyefunga kamba ya kiatu bila bismillahi, na hiyo ndiyo iliyoniponza mimi, Mwantumu.

Miaka ile ya soko huria, kila mgeni akija na mradi wake, sisi wa Ngorongo tukaletewa mradi wa mpunga na kompyuta kuukuu. Majaruba ishirini na tano, wakulima ishirini na tano, na kila msimu kura. Nassibu alikuwa karani wa mradi na mkulima mwenzetu pia. Mtaalamu akamfundisha siku mbili: andika namba ya kuanzia, yoyote uitakayo, kisha mashine itachanganya moja hadi ishirini na tano na kumpa kila jina kwenye orodha jaruba lake.

"Haina shemeji, haina jirani," Nassibu akatuapia.

Msimu wa kwanza nikapewa jaruba la kumi na tatu. Hilo liko kwenye njia ya kiboko. Nikashinda juu ya dungu, kibanda chetu cha kulindia mpunga, nikigonga debe hadi mikono ikavimba, na bado nikavuna magunia mawili tu. Msimu wa pili: kumi na tatu. Wa tatu: kumi na tatu! Nina watoto wanne wa kulisha na kusomesha. Kiboko hana hata mmoja anayesoma. Waliopata majaruba mazuri walisema ni riziki. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nikaenda ofisini, jenereta linanguruma, wenzangu wote nyuma yangu.

"We Nassibu, rudia kura. Mbele ya macho yangu."

Akarudia. Orodha ikatoka ile ile, kila mtu palepale.

"Ajabu! Mashine ina msimamo," akasema, na wallahi alikuwa anajivunia.

"Namba ya kuanzia unaweka ngapi?"

"Mia saba themanini na sita."

"Kila msimu?"

"Sasa Mwantumu, kazi gani utaianza bila bismillahi?"

Lahaula! Namba ile wanayoichora kwenye mitumbwi na malori, wakimaanisha Bismillahi! Kumbe ukiipa mashine mwanzo ule ule, inakurudishia mchanganyiko ule ule. Na nani kati yetu angethubutu kusema, futa bismillahi? Hata mimi mwenye mdomo sikuthubutu.

Halafu nikapata akili. "Iache hiyo. Geuza orodha ya majina, wa mwisho awe wa kwanza."

Wakanipigia makofi. Nassibu akageuza, akabonyeza. Siti akahama, Zaidi akahama, Subira akahama. Mwantumu: kumi na tatu.

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Jina langu lilikuwa katikati kabisa, kumi na wawili juu yangu, kumi na wawili chini. Nikalia, sikufichi. Nililia kwa hasira mbele za watu.

Nassibu peke yake hakucheka. Akazima mashine, akakata vikaratasi ishirini na tano, akaandika namba, akavitia ndani ya kofia yake. Bismillahi akaisema kwa mdomo.

"Anza wewe, dada Mwantumu."

Nikatoa jaruba la pili. Wengine wakafuata, mpaka kikabaki kikaratasi kimoja, cha mwenye kofia. Akakifungua, akakisoma.

"Dada," akaniambia, "lile debe lako bado unalo?"