Shokapu za nyuma na kibuyu cha shangazi

Msicheke kwanza, ila gari langu la mbio leo limepewa kazi nyingine.

Mnajua nilivyoringa hapa Isevya. Fundi kahamisha vishikio vya shokapu za nyuma, kachomelea upya, eti likate kona kama la mashindano. Limekuwa gumu kama mkokoteni.

Leo nikamfuata shangazi Ulyankulu. Akapakia kibuyu cha maziwa ya mgando kwenye buti.

Ile barabara ya vumbi! Tumerushwarushwa mpaka kilemba chake kikadondokea kwenye usukani. Nikasema leo natukanwa.

Tulipofika Isevya akafungua kibuyu. Akachungulia ndani.

Siagi!

"Mwanangu, mimi husukasuka kibuyu asubuhi nzima! Kesho turudi, nina vingine viwili."

Nikamwambia, shangazi, hili ni gari la mbio.

"Kwani siagi imechelewa?"