Masanduku Mawili Mpakani

Naungama, miye ni mtu wa kushuku. Nilikwenda Maskati kumtembelea wifi yangu Zuwena, na wiki ya nne nikaanza kuona vitimbi. Mara aniombe paspoti, aitazame, anirejeshee. Jumanne nikamsikia jikoni akisema kwenye simu, "Lazima atoke kabla ya Alkhamisi."

Basi, nimechokwa! Kumuuliza nikaona ni kujidhalilisha. Nikafunga masanduku yangu yote mawili, na kwa hasira nikarejesha humo kila zawadi niliyompelekea kutoka Unguja: doti za kanga, karafuu, hata mbuzi ya kukunia nazi niliyomchongeshea kwa fundi.

Asubuhi akaniambia nipande gari, tukashika njia ya mpaka wa Imarati, nchi jirani. "Masanduku ya nini?" akauliza.

"Yangu," nikamjibu, nimenuna.

Tulipofika mpakani ndipo aliponieleza. Viza yangu ya utalii ilikuwa inakwisha, kwa hiyo nigongewe muhuri wa kutoka, tunywe chai upande wa pili, kisha nirudi na viza mpya.

"Nnataka ukae mwezi mwengine, wifi. Leo nakupikia samaki wa nazi, ila mbuzi yako siioni tangu jana. Nnamshuku jirani."

Upande wa pili nikaagiza chai ya pili, tuchelewe kurudi.

Wakati wa kurudi, askari wa forodha akafungua sanduku langu kubwa. Akaitoa ile mbuzi, akaigeuza meno juu, akauliza kwa Kiarabu hii silaha gani.

Zuwena akaitazama, akazitazama na kanga zake, kisha akanigeukia.

"Mjibu wewe, wifi."