Pete Niliyoivunja Voi

Mashine ya kuchomelea ya mama niliyemfanyia kazi Voi ilikufa Jumatatu asubuhi, geti la kanisa la Chawia likiwa limeshikana upande mmoja tu. Hakuwa na nyingine. Mteja alimpa mpaka Jumatano. Baada ya hapo angehamishia vyuma vyake karakana ya ng'ambo ya barabara, na wengine wangemfuata.

Fundi wa elektroniki akaitwa, mzee wa Kiislamu mwenye duka karibu na stesheni. Akaifungua, akanusa, akasema pete ya chuma iliyo ndani ya transfoma yake imepasuka. Jumanne akaleta nyingine, ndogo kama kitumbua, imefungiwa kwenye kikasha cheusi cha plastiki. Akaiacha mezani, akaenda kuswali adhuhuri.

Mimi simwamini mtu anayeniletea kitu kilichofungwa. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo kila nilichojifunza nilikijua kwa kukifungua. Isitoshe, nilijua kilichopaswa kuwamo. Nilipokuwa navunja vyuma chakavu Maungu, nilitoa ndani ya transfoma moja utepe wa chuma unaong'aa, mwembamba kuliko wembe. Transfoma ilitoka wapi, sikuuliza. Nilizunguka na utepe ule mfukoni miaka miwili. Ukiukunja, unaruka na kunyooka kama haukuguswa.

Basi nikachokoa kikasha kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na utepe uliozungushwa kama wa kaseti. Nikavuta ncha, nikaikunja, maana ndivyo sisi watu wa vyuma tunavyopima kila kitu. Ikavunjika. Nikavuta tena, ikavunjika tena kama ganda la yai.

Nilimngoja fundi mlangoni, vipande mkono mmoja, utepe wangu mkono mwingine, wateja wakisikia.

"Mzee, umemletea mama takataka. Chuma gani hiki?"

Akavitazama vipande. "Nani alikwambia ufungue?"

"Nina macho."

"Macho yako yana bisibisi?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika kile kikasha kilichopasuka.

"Utepe huu ukitoka kiwandani unapinda, kama huo wako," fundi akasema. "Chuma kilichoyeyuka humwagwa juu ya gurudumu linalozunguka kasi, kikaganda kabla chembe zake hazijapata nafasi ya kujipanga. Huu wa pete hutiwa tena tanurini, kwa kipimo. Humo huota vijichembe vilivyojipanga, vidogo mno, katikati ya zile zilizokaa ovyo. Hapo sumaku hupita bila kuleta joto jingi. Lakini haupindi tena, bwana. Ndiyo sababu ukafungiwa."

Alieleza vizuri mno. Matapeli pia hueleza vizuri.

Nikakata kipande cha utepe wangu, nikakitia kwenye makaa ya jirani anayepika chapati, nikakiacha mpaka chai yake ikachemka. Kilipopoa nikakikunja. Kikavunjika. Nikarudia na vingine vitatu, vyote vikavunjika. Bado sikuridhika: vidole haviwezi kutofautisha chuma kilichookwa kwa kipimo na chuma kilichoungua. Mashine peke yake ndiyo ingejua. Na kama mzee alisema kweli, basi aliyemuulia mama kazi yake ni mimi.

"Pete imepoteza mizunguko michache ya utepe," fundi akamwambia mama, bila kunitazama. "Inshallah itafanya kazi. Ila huyu asiisogelee."

Jumatano asubuhi akaifunga pete ndani ya mashine. Mama akavaa miwani, akagusisha chuma, cheche zikaruka. Alichomelea bawaba zote mbili, na kila aliposimama kupumua nilikuwa naweka kiganja juu ya mashine, nikitafuta joto la kumshtaki nalo mzee. Ilikuwa vuguvugu tu. Kabla ya saa sita geti lilikuwa juu ya pikapu.

Fundi alipoondoka nilimfuata mpaka barabarani.

"Mzee, nisamehe. Niliropoka mbele za watu."

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema, na akalihamishia sanduku lake la vifaa mkono wa pili, ule usiokuwa upande wangu.