Siku niliyomkatalia mama yangu kahawa nikiwa field Mbinga

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeona vijana humu wanabishana kama field, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, ina maana yoyote zaidi ya kugongewa muhuri. Nikacheka, halafu nikakumbuka kwetu. Hii sikuhadithiwa na mtu, yalinikuta mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria ndiyo limeingia. Kabla ya hapo kahawa yetu tulikuwa tunapeleka ushirika tu, hakuna kwingine. Ghafla Mbinga ikajaa wanunuzi binafsi, malori yanapanda mpaka vijiji vya juu huko njia ya Litembo, kila mmoja anavutia wakulima kwake.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha kilimo, mtoto wa Kimatengo niliyesomeshwa na kahawa hiyohiyo. Nikapangiwa field kwenye kituo cha kununulia kahawa, kijiji cha jirani na kwetu. Nilifurahi, maana kila Jumapili ningekula kwa mama.

Darasani sikuwa mbaya. Unyevu, uchachushaji, ukaushaji, vyote vilikuwa kichwani. Kile kifaa cha kupimia unyevu nilikichora vizuri mpaka mwalimu akakibandika ukutani.

Kituoni kifaa chenyewe hakikuwepo.

Mkuu wa kituo, mzee Ndunguru, akanionyesha wanavyofanya. Chota kahawa katikati ya gunia, menya ganda, ng'ata punje. Jino likiacha alama, bado mbichi. Likiteleza, imekauka. Mpaka leo nikishika punje ya kahawa mkono wenyewe unaipeleka mdomoni.

Basi siku moja foleni ni ndefu, namwona mama anakuja na kiroba cha kahawa kichwani.

Kwetu mtoto hakai akamtazama mama yake na mzigo. Nikaacha mizani, nikamkimbilia, "Shikamoo mama," nikamtua, mzigo moja kwa moja mpaka mezani. Nikawaruka watu wote wa foleni. Hakuna aliyelalamika, ila wote walikuwa wanatazama.

Kahawa ile nilijua ni ya nini. Baba alishafariki, na mdogo wangu Tula alikuwa amechaguliwa sekondari, kule chini ziwani, Nyasa. Shule zinafunguliwa wiki ileile. Kahawa isipouzwa, Tula haendi.

Nikang'ata. Jino likazama.

Nikachota ya chini zaidi. Ileile.

Nikamgeukia mzee Ndunguru aniokoe. Yuko anashona gunia, wala hakuinua kichwa. "Mpimaji leo ni wewe, baba."

Wakuu, mada hiyo chuoni haikuwepo.

"Mama, hii haijakauka."

"Umeng'ata vizuri?"

"Nimeng'ata mara mbili, mama."

Akanitazama kidogo. "Haya. Nitwishe."

Nikamtwisha mwenyewe, kwa mikono yangu.

Sasa ng'ambo ya barabara kulikuwa na lori la mnunuzi mwingine, huyo alikuwa anazoa hata kahawa mbichi kwa bei ya kutupa. Jamaa akamwita, "Mama, lete huku, sisi hatung'ati." Foleni nzima ikageuka. Mama akapita kama hajasikia, akashika njia ya mlimani. Nikaona watu kadhaa nao wanabeba magunia yao taratibu na kurudi nayo makwao kabla hawajapimwa.

Nilienda stoo nikalia. Sioni aibu kusema.

Jumapili nikaenda nyumbani roho iko juu. Kahawa imetandazwa juani kwenye chanja, Tula anaigeuza, kanuna. Wenzake wameshaenda shule. Salamu yangu aliijibu nusu.

Mama akanitengea ugali na usipa, wale dagaa ambao akina mama wa ziwani wanapandisha kuuza sokoni kwetu. Chakula nilichokuwa nakiota chuoni, siku ile hakishuki. Nikamuuliza kwa nini hakuuza kwenye lori.

"Ningeuza pale, watu wangesema umenikatalia bure. Kesho ungemwambia nani kahawa yake mbichi, akakusikia?"

Halafu akacheka. "Ila mpimaji kula taratibu, usije ukaing'ata na sahani."

Wiki iliyofuata akarudi. Nikataka kumtua tena, akanikatalia. Akasimama mwisho wa foleni kama mkulima mwingine yeyote. Zamu yake ilipofika nikang'ata, jino likateleza. Sijawahi kufurahia sauti ya punje kiasi kile.

Tula alienda shule kwa kuchelewa, lakini alienda. Leo ni mwalimu hukohuko ziwani, na kila Krismasi lazima anikumbushie siku ile mbele ya watoto wangu.

Vijana, darasa msilidharau. Lilinifundisha kwa nini kahawa yenye unyevu inaota ukungu na kuharibu gunia zima. Bila hilo ningekuwa nang'ata tu. Lakini kuyasema hayo mbele ya mtu anayekutegemea, umwangalie usoni na usibadilishe maneno, hilo nilijifunzia pale mezani. Ukinunua muhuri, hilo unalikosa.

Mama tulishamzika, pale juu karibu na mibuni yake. Kila msimu nikienda nyumbani nachukua punje moja kwenye chanja, naimenya, naing'ata, halafu namwambia, "Mama, imekauka."

Wewe field yako ilikusimamisha mbele ya nani? Tiririkeni, nitasoma zote.