Spea za kinga ya mahari: nilivyozitafuta hadi Salamabila ili dada yangu aachiwe

Wakuu, wengi wenu ndio mnaotakiwa kunipa shikamoo. Basi nimeshaipokea, marahaba, tuendelee.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayefufua baiskeli ya zamani ya mbio na kutafuta spea original tu, fake hataki. Mmemcheka sana. Kuna mmoja kamwambia anunue bodaboda aache utoto.

Mimi sikucheka. Niliwahi kufanya kazi hiyo hiyo, na haikuwa hobby.

Nimebakiwa na meno manne, sina sababu ya kumdanganya mtu. Ilivyokuwa ndivyo nitakavyosema, hata pale ninapojiaibisha.

Kwetu ni Kasongo, Maniema, Kongo. Siku hizi niko Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu ni mchanganyiko, mtanivumilia. Haya yalitokea wakati wa Wabeleji, miaka ya mwisho mwisho kabla hawajafunga mizigo yao.

Baiskeli sisi tunaiita kinga. Likariri hilo neno, utakutana nalo sana.

Nilikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wangu, Anasta. Nilimwita yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu. Akaolewa na Benoa, karani wa kupima pamba kule Kabambare.

Benoa alileta mbuzi, majembe, vitenge. Halafu akaleta kinga.

Wakuu, ile kinga! Alikuwa nayo Mzungu mmoja wa kilimo, akaiacha aliporudi kwao. Rangi bluu. Magurudumu membamba. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Nyuma kuna gia tatu na kichuma cha kuhamisha mnyororo. Ilikuwa ya zamani tayari, ya kabla ya vita, lakini watu walitoka mitaa yote kuja kuitazama.

Sasa shikeni desturi yetu. Mahari ya dada huingia mkononi mwa ndugu yake wa kiume, naye aoe. Na ndoa ikivunjika, vitu vinarudi vilevile vilivyokuja. Jembe kwa jembe, mbuzi kwa mbuzi.

Kinga ikawa yangu. Na mimi nilikuwa fundi kinga pale sokoni, mjuaji kuliko wajuaji wote. Nikasema hiki kitu cha Mzungu hakibebi mpunga, kina faida gani?

Nikaivua. Zile pembe nikampa fundi cherehani, akawa anatundikia nguo za wateja. Magurudumu nikabadilishana na mtu wa kule upande wa Wamaza, akanipa manene. Ngozi ya kiti nikampigilia mama kwenye kigoda chake cha jikoni. Kichuma cha gia akachukua mpita njia, akanipa kuku.

Nikafunga usukani wa kunyooka na keria ya chuma nzito. Nikabeba magunia miaka mitatu nikijiona nimeendelea.

Siku moja akafika katekista mmoja kutoka Kabambare. Hakukubali hata kukaa. Akasema, "Anasta bwana yake amemuvunja mukono. Wa kushoto. Haiko mara ya kwanza kumupiga."

Mama aliangusha mwiko.

Yaya alikuwa amekwenda mwenyewe, mkono umefungwa kitambaa, kusimama mbele ya tribinali ya shefu, yaani mahakama ya chifu. Shefu akaamua: mwanamke anaweza kurudi kwao, lakini vitu virudi kwanza. Tribinali ingekaa tena pamba ikishauzwa. Vitu visipotimia siku hiyo, abaki kwa mume wake. Na mpaka siku hiyo aendelee kulala nyumba ileile!

Wajomba walikusanya mbuzi, majembe na vitenge ndani ya wiki moja. Benoa akavipokea, akasema neno moja tu: "Nataka kinga yangu vile niliileta. Ikikosa hata kengele, muke anabaki."

Alijua. Watu walishamwambia nimeichinja.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaiangalia ile kinga yenye keria ya magunia. Nilijichukia, wakuu, nasema ukweli. Mama akanifuata, akaniambia, "Tulikula mahari ya mutoto wangu, sasa mahari inamukula yeye. Utairudisha. Sijui namna gani, lakini utairudisha."

Nikaanza na kigoda chake. Nilipong'oa misumari, mama akasema taratibu, "Kumbe miaka hii yote nilikuwa nakalia mutoto." Tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye kigoda. Alipika akiwa amechuchumaa.

Fundi cherehani aliniringia kidogo, eti nguo za wateja zitalala chini. Nikamchongea fimbo ya kutundikia, ndefu kuliko zile pembe. Akatoa.

Wamaza ilikuwa ngumu zaidi. Kwanza, enzi zile hutoki kijijini hivi hivi, lazima karatasi ya ruhusa. Kapita wa pamba, yule msimamizi wa mashamba, akagoma: shamba langu lina majani. Nilipalilia lile shamba siku nne, mama upande mmoja, mimi upande mwingine, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Siku ya tano nikampelekea jembe langu alione. Akaandika karatasi.

Yule bwana wa Wamaza rimu zangu alikuwa anaanikia tumbaku! Zimening'inia mlangoni na majani yake. Nikamrudishia magurudumu yake manene, nikamwachia na keria juu yake. Alifurahi sana. Moja ya rimu ilikuwa imepinda kama chapati iliyoungua.

Vijana wa siku hizi mna mashine ya kunyooshea rimu. Mimi nilikuwa na kipande cha mkaa. Unakishika karibu na rimu, unaizungusha pole pole, pale mkaa unapoacha alama ndipo palipopinda. Unalegeza spoki hii, unakaza ile. Unazungusha tena. Siku mbili nzima, na yule bwana akinicheka: "Weye, hii rimu ni ya kuolea?"

Nikamjibu, "Hapana, ni ya kuachia."

Tairi nyembamba hazikuwepo dukani Kasongo wala kwingine. Zile za zamani nilizozikuta kwa yule bwana zilikuwa zimechanika, nikazishona kwa uzi wa kushonea viatu, ndani nikaweka viraka vya mpira. Kushona tairi si mchezo. Sindano ikivunjika inaingia kwenye nyama ya kidole. Alama ninayo hadi leo.

Kikabaki kile kichuma cha gia. Nikasikia kimefika upande wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa fundi mmoja anaitwa Musafiri. Nikaenda kwa miguu.

Nikakikuta kimetundikwa ukutani juu ya kichwa chake kama msalaba. Hakitumii. Anakipenda tu.

Nikamwomba. Akakataa. Nikamweleza habari ya yaya. Akainua macho kukitazama, akauliza, "Kwa hiyo hii chuma inafanya kazi gani?"

"Inarudisha mutu kwao."

Akasema, "Basi haiko ya bure. Unifanyie kazi juma mbili." Nikafanya juma mbili. Kinga za wachimbaji zina matope mpaka kwenye roho, wakuu. Sikulalamika hata siku moja. Nilipomaliza alikishusha mwenyewe, akakipaka mafuta, akanifundisha namna ya kukikaza, maana mimi mjuaji sikuwa nakijua vizuri. Ya kuagana akanipa na kengele. Ya kwanza ilishapotea, na mimi nilikuwa nimeisahau kabisa!

Nikarudi Kasongo, nikafunga kila kitu. Ilisimama, wakuu. Gia zilihama tik, tik, tik.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Kwetu kitu cha mtu hakirudishwi kikiwa kichafu. Ni tusi. Mama akasema ing'ae. Rangi ya bluu ilishabanduka banduka, bluu nyingine hakuna. Nikaomba rangi kwa maseremala wa misheni, wakanipa waliyobakiza kwenye milango. Kijani. Nikaipaka mara mbili, ikawaka. Nilijisifu njia nzima mpaka Kabambare.

Siku ya tribinali watu walijaa. Yaya alikuwa amesimama pembeni, amekonda, mkono wa kushoto haunyooki. Nilitaka kulia lakini nikajikaza, maana Benoa alikuwa ananitazama.

Benoa akaizunguka kinga. Akagusa pembe. Akagusa kiti. Akapiga kengele. Halafu akatabasamu.

"Shefu, kinga yangu ilikuwa bulu. Hii haiko yangu. Mulamu amenikusanyia mavyuma ya watu."

Weee! Mulamu, yaani shemeji, ndiye mimi. Wazee wakaanza kunong'onezana. Shamba nimepalilia, tairi nimeshona, juma mbili za Salamabila, halafu nimemfunga dada yangu kwa kopo la rangi ya mlango.

Yaya akasogea mbele. Hakuniangalia. Akasema, "Munipe kisu."

Akapiga goti kando ya kinga. Mkono wa kushoto haukuweza kushika chuma, akakikandamiza kwa kiwiko. Kwa mkono wa kulia akakwangua chini ya kiti. Kijani ikaanguka. Ikatokea bluu. Akakwangua tena, zikatokea herufi mbili zilizogongwa kwa msumari.

"Shefu, siku alipogonga hii jina lake, mimi ndiye nilimushikia kinga. Alikuwa ananichumbia."

Karani wa tribinali akainama, akazisoma kwa sauti. Zilikuwa za Benoa.

Shefu akamwambia Benoa, "Panda."

Akapanda. Akazunguka nyumba ya tribinali mara moja, amekunja uso. Mara ya pili akahamisha gia, tik. Mara ya tatu alikuwa anacheka kama mtoto, anapiga kengele. Alishasahau kama kuna mwanamke pale.

Shefu akasema, "Mama, nenda kwenu."

Tukarudi Kasongo kwa miguu, yaya na mimi, mzigo wake nimeubeba kichwani. Njiani nikamsimulia yote. Kapita, mkaa, sindano, Musafiri. Nilisimulia sana, nilitaka anisifu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, bila hasira, "Mudogo yangu, ile miaka mitatu kinga ilikuwa nyumbani?"

Nikasema ndiyo.

"Na hukuipanda hata mara moja kuja kuniona?"

Wakuu, niliuweka sawa mzigo kichwani nikaendelea kutembea. Yaya ameshatangulia mbele za haki, na mpaka leo ninavyoandika hapa jibu lake sijalipata.

Kijana wa ile baiskeli ya zamani, usikate tamaa. Spea original zipo, zimetundikwa mlangoni kwa mtu zinaanikiwa tumbaku. Rangi usiiguse, nimekuonya. Na siku itakaposimama, safari ya kwanza usiende kupiga picha. Nenda kwa yule wa kwenu aliyeolewa mbali, ukamwangalie mikono.

Mwenye swali la ufundi aulize. Na mwenye dada ambaye hajamwona muda mrefu, comment yake naisubiri akiwa ameshatoka kumsalimia.